Siyo Hivi Ilivyoandikwa: Kelele za Mashabiki Hadithi ya Kutisha Inapogeuzwa Filamu

Jumamosi moja usiku, sebuleni kwangu Tabata, filamu iliisha na hakuna aliyeinuka kuwasha taa. Tulikuwa watu sita, wengine kwenye makochi, wengine mkekani. Tulikuwa tumetazama The Mist, filamu ya mwaka 2007 ambayo Frank Darabont aliitengeneza kutokana na hadithi ya Stephen King, mwandishi wa Marekani wa hadithi za kutisha. Kimya kile kilivunjwa na watu wawili kwa mpigo. Mpwa wangu, aliyekuwa ameisoma hadithi yenyewe wiki ileile, alisema, "Anko, siyo hivi ilivyoandikwa!" Jirani yangu, fundi friji ambaye hakuwa na habari kama kuna kitabu, alisema, "Steringi anaua mwanawe? Muvi gani hii?"

Ungepita dirishani ungedhani hao wawili wako upande mmoja. Wote walikuwa wameuchukia mwisho uleule. Lakini walibishana wao kwa wao mpaka saa saba usiku, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shitaka lake. Tangu usiku ule nimekuwa nikisikiliza kwa makini zaidi watu wanavyolalamikia filamu zilizotokana na hadithi za kutisha, na nimeona kwamba tunachokiita kwa mkato "mashabiki wamekasirika" ni kesi kadhaa zilizorundikwa kwenye faili moja. Nitajaribu kuzitenganisha. Itanibidi nitaje miisho ya hadithi chache, kwa hiyo ambaye hajaziona anisamehe mapema.

Kwanza kilichotokea kwenye skrini. Ukungu mzito unashuka kwenye mji mdogo wa Marekani, na ndani ya ukungu mna viumbe wanaoua watu. Baba mmoja, David, ananaswa ndani ya supamaketi pamoja na mwanawe mdogo, Billy, na majirani ambao hofu inawageuza hatua kwa hatua mpaka wanataka kutoa wenzao kafara. Mwishoni baba, mtoto na watu wengine watatu wanatoroka kwa gari. Mafuta yanawaishia katikati ya ukungu. Bastola ina risasi nne, wao wako watano. Baba anawapiga risasi wote wanne, mwanawe akiwemo, ili wasije wakaliwa hai, kisha anashuka garini kuwangoja viumbe waje kummaliza. Badala yake ukungu unafunguka na magari ya jeshi yanapita yakiwa na watu waliokwisha kuokolewa. Angesubiri dakika chache tu.

Kitabuni hakuna risasi hizo. Ukungu haujaondoka, safari haijafika, na hadithi inaachia hapohapo.

Shitaka la jirani yangu litaeleweka na yeyote aliyekulia kwenye vibanda umiza. Steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutoswa mtoni, lakini dakika kumi za mwisho ni zake. Hilo tulilijua kabla hatujaweza kusoma Kiingereza cha kwenye jalada la kanda. Ni ahadi: mtazamaji anakubali kuogopeshwa kwa saa mbili kwa sababu anajua atarudishwa nyumbani salama. Filamu ile ilichukua hofu yake yote na haikumrudishia chochote. Kitabu kinasema nini, hilo halimhusu. Angeukasirikia mwisho ule hata kama King angekuwa ameuandika neno kwa neno. Tena alipoambiwa kuwa kitabuni safari inaachwa njiani, ndiyo kwanza akapandisha sauti: "Kumbe kitabu hakina mwisho kabisa!"

Mpwa wangu hana tatizo na steringi kufa. Amesoma vitabu vingi vya huzuni kuliko mimi. Shida yake ilikuwa kwamba alikaa na yule baba usiku tatu, chini ya chandarua, kwa mwanga wa simu, akisikia kila kilichompitia kichwani, maana hadithi imeandikwa kwa sauti ya David mwenyewe. "Yule baba ninayemjua mimi asingefanya vile," alisema. Neno la kushika hapo ni "ninayemjua mimi". Kwa mtazamaji, David ni mtu aliyekutana naye jioni ile. Kwa msomaji ni mtu wa karibu aliyesingiziwa mbele za watu.

Ubishi ukifika hapa watu hukimbilia kumleta mwandishi awe hakimu. Kwa The Mist hakimu huyo hamsaidii mpwa wangu, kwa sababu King alisema hadharani kwamba mwisho wa Darabont aliupenda. Nilimwambia hivyo usiku ule. Akanijibu bila kusita, "Basi King amekosea." Nilicheka, lakini baadaye nikaona alikuwa na hoja nzito. Kitabu kikishatoka mikononi mwa mwandishi, msomaji naye ana David wake, na huyo David hawezi kubadilishwa kwa maoni ya aliyemzaa.

Mfano unaolionyesha hili kwa upande wa pili ni The Shining. Kitabu cha King kilitoka 1977, filamu ya Stanley Kubrick ikatoka 1980. Hapa mwandishi ndiye aliyekasirika, na amelisema jambo hilo kwa miaka mingi. Kitabuni, Jack Torrance ni baba anayempenda mwanawe na anayepigana na ulevi, na hoteli yenye mizimu aliyoajiriwa kuilinda inambomoa tofali moja baada ya jingine. King mwenyewe alipigana vita hiyo ya pombe, kwa hiyo Jack alikuwa mtu wa damuni mwake. Kwenye filamu, Jack Nicholson, anayemwigiza, ana macho ya wazimu tangu anapoketi kwenye usaili wa kazi. Ukimwona pale hujiulizi kama ataharibika, unajiuliza lini. Ndiyo maana King aliwahi kuilinganisha kazi yake na moto na ile ya Kubrick na barafu, na ukiangalia miisho utaona kuwa hakuwa akipamba maneno: kitabuni boila linalipuka na hoteli inateketea, kwenye filamu Jack anaganda kwa baridi kwenye mzingile wa miti, bustani ya vijia vya kupotezana. Mpishi Hallorann, ambaye kitabuni ananusurika na kuwasaidia mama na mtoto kutoka, kwenye filamu anauawa kwa shoka mara tu anapofika.

Kuna badiliko jingine dogo ambalo wasomaji hulitaja kama ushahidi kwamba Kubrick hakukiheshimu kitabu: chumba chenye mzimu, namba 217, kimekuwa 237. Sababu yake ni ya kibiashara tu. Picha za nje ya hoteli zilipigwa Timberline Lodge, hoteli halisi huko Oregon, na wenye hoteli walihofia kwamba wageni wangekataa kulala chumba 217. Waliomba itumike namba ambayo hawakuwa nayo. Nalitaja hili kwa sababu hasira ya mashabiki mara nyingi hudhani kila badiliko ni uamuzi wa msanii, kumbe nyuma yake kuna mwenye hoteli, kuna bajeti, kuna mtoto mwigizaji aliyerefuka kabla picha hazijaisha.

Mwaka 1997 King alipata nafasi ya kurekebisha. Aliandika mwenyewe tamthilia ya televisheni ya The Shining, ikakifuata kitabu kwa karibu zaidi. Nimeiona yote. Matukio yamo, baba mwenye upendo yumo, moto umo, ila usiku nililala bila taabu. Ya Kubrick ilinifanya niache taa ya korido ikiwaka. Kwa maoni yangu hiki ndicho kisa kinachowatesa zaidi wapenzi wa vitabu vya kutisha: ukweli wa matukio na ukweli wa hofu havisafiri kwenye gari moja.

Wala tusidhani kelele za mwanzo ndizo hukumu. Tuzo za Razzie, zinazotolewa kwa kazi mbovu, zilipoanza kwa filamu za mwaka 1980, Kubrick aliteuliwa kama mwongozaji mbaya zaidi na Shelley Duvall kama mwigizaji mbaya zaidi wa kike. Leo filamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa za aina yake, na mwaka 2022 waandaaji waliufuta uteuzi wa Duvall. Kisha kuna Doctor Sleep ya 2019, iliyoongozwa na Mike Flanagan, inayoendeleza maisha ya yule mtoto wa Jack akiwa mtu mzima. Flanagan aliichukua hoteli ya Kubrick kama ilivyo, akaiwashia boila la kitabuni. Wasomaji waliungoja moto ule kwa miaka 39. Najua mtu mmoja wa Kijitonyama, mwalimu, ambaye alisimama ukumbini alipouona.

Lakini kwa nini kelele hizi ni kali zaidi kwenye hadithi za kutisha? Hadithi ya mapenzi ikibadilishwa tunanung'unika. Ya kutisha ikibadilishwa tunashikana mashati. Nadhani ni kwa sababu kwenye hofu msomaji ndiye anayefanya kazi kubwa. Chukua mwanamke mrembo wa usiku ambaye kila mtoto wa pwani amesimuliwa: unampa lifti, au unamfuata hadi uchochoroni, halafu unatupia macho chini na kuona kwato badala ya nyayo. Msimulizi hakuambii sura yake. Anakuachia. Mwenzangu wa shule alimwona na kwato za punda, mwingine alishikilia kuwa ni za ngamia. Wangu alikuwa na sauti ya mama mmoja wa mtaani kwetu aliyeuza maandazi alfajiri, mama mpole kabisa, na sijawahi kumwambia mtu jambo hilo hadi leo. Kila mmoja alimshona jini wake kwa kitambaa kilichokuwa nyumbani kwake.

Sasa mwongozaji wa filamu hana ruhusa ya kuacha wazi. Lazima achague kwato moja, sura moja, gauni moja. Hapohapo majini elfu waliokuwa vichwani mwa wasomaji wanaondolewa, anabaki mmoja. Msomaji anaposema "hatishi", mara nyingi maana yake ni "huyu siye wangu". Kwenye filamu zetu hili huchanganyika na jambo jingine, fedha. Tangu Nsyuka ya Mussa Banzi mwaka 2003, moja ya filamu za mwanzo za kutisha katika Bongo Movie, watengenezaji wetu wamekuwa wakiunda mizimu kwa unga, rangi na taa mbili. Watu huzicheka kucha za bandia. Mimi nakumbuka pia jinsi chumba kizima kilivyonyamaza mzimu ulipotokea, na kucha zile hazikutuzuia kuogopa, maana tulimalizia wenyewe kilichopungua. Siku hizi anayesoma simulizi ya kutisha kwenye simu, kipande kwa kipande, akikatishwa na "itaendelea" mahali ambapo mlango ndiyo unafunguka, anakaa siku nzima na mlango ule. Hakuna bajeti inayoweza kushindana na siku nzima ya kungoja.

Kuna upande ambao mashabiki wa vitabu huusahau, nao ni kwamba vingi tunavyovitetea kama asili vilizaliwa na waliobadilisha. Ring ni riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991. Filamu ya Hideo Nakata ya 1998 ilimbadilisha mhusika mkuu kutoka mwanamume kuwa mwanamke, na ikaongeza tukio ambalo dunia nzima inalijua: Sadako, mzimu wa msichana, akitoka kisimani na kutambaa nje ya televisheni, nywele zimemfunika uso. Kwenye riwaya hilo halimo. Ukilitoa leo, mashabiki watakuambia umeiharibu Ring.

Dracula ni ajabu zaidi. Kwenye kitabu cha Bram Stoker cha 1897, Dracula anaweza kutembea mchana, ingawa nguvu zake hupungua. Anayekufa kwa mwanga wa jua ni mnyonya damu wa Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922 ya F. W. Murnau, iliyochukua hadithi ya Stoker bila ruhusa na kubadilisha majina. Mjane wa Stoker aliishitaki, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Nakala chache zilinusurika. Sheria ambayo kila mtoto wa Dar anaijua, kwamba vampaya akipigwa na jua ameisha, tumerithi kutoka filamu iliyohukumiwa kuharibiwa.

Na neno lenyewe, vampaya, kwetu lina kisa. Aina ya tatu ya shabiki, ambaye wachambuzi wa nje hawamfahamu, ni yule aliyeijua hadithi kwa sikio, kupitia msimulizi wa filamu. Wakubwa wanaikumbuka sauti ya Lufufu akizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, na baada yake wamekuja wengi. Msimulizi hatafsiri tu. Anampa mhusika jina la mtaani, anakuonya kabla mlango haujafunguliwa, anakueleza bibi yule ana kisasi gani. Shabiki huyu ukimwonyesha filamu ileile bila sauti ya msimulizi, naye husema "siyo hivi ilivyokuwa". Yeye pia ana toleo lake la kwanza, na toleo la kwanza ndilo tunalolipenda.

Fikiria msimulizi akimwita mnyonya damu wa Ulaya "mumiani". Neno moja, lakini amehamisha hofu nzima. Vampaya wa Ulaya ni bwana mkubwa mwenye kiu yake binafsi, anakaa ngomeni mwake. Mumiani wa kwetu ni mtu wa kazi: anatumwa, ana gari, ana wakubwa wanaoitaka damu yako iwe dawa. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kiasi kwamba mwaka 1959, siku za mwisho za ukoloni, uvumi wa mumiani ulizusha ghasia Buguruni. Babu zetu hawakuwa wakitazama sinema. Kwa hiyo ukiliweka neno hilo mdomoni mwa msimulizi, yule bwana wa ngomeni anashuka Buguruni na anaanza kufanana na serikali ya mkoloni. Je, huko ni kuharibu hadithi? Mimi nasema hapana, ni kuifanya iogopwe na watu waliopo. Ila namwelewa pia anayesema kwamba Dracula wake amepotea njiani.

Wengine hujibu malalamiko haya kwa kusema sisi ni watu wa paukwa pakawa, hadithi zetu hazina umbo moja, kwa hiyo hatuna sababu ya kugombea uaminifu. Si kweli kabisa. Jaribu kumsimulia mtoto wa miaka sita hadithi aliyokwisha kuisikia kwa bibi yake, halafu umfanye Sungura aingie shimoni badala ya Fisi. Utasahihishwa papo hapo. Kinachotofautiana ni kwamba mtoto yule anaweza kukusahihisha nawe ukarekebisha palepale. Ukumbini huwezi kuizuia filamu. Shabiki analipa, anaketi, anakosewa, anatoka. Kelele zake za baadaye ni yale masahihisho yaliyokosa msimulizi wa kuyapokea.

Kuhusu haki, nitapita haraka. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki ya kuruhusu au kukataa kazi yake igeuzwe kuwa kitu kingine, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo yenye kusimamia. Lakini ruhusa ya kugeuza siyo ahadi ya kufanana. Ukishauza haki bila kuweka masharti, unabaki mtazamaji kama wengine. King alipoona filamu ya The Lawnmower Man ya 1992 inatangazwa kwa jina lake ilhali haikufanana karibu na chochote alichoandika, alikwenda mahakamani ili jina lake liondolewe, akashinda. Hakuweza kuirudisha hadithi, aliweza kurudisha jina tu. Vijana wetu wanaoandika simulizi kwenye simu na kuuza kwa mtengenezaji kwa makubaliano ya mdomo, hilo linawahusu sana, na linaniuma kila ninapowasikia.

Wiki mbili baada ya usiku ule, jirani yangu alikuja kuangalia friji yetu iliyokuwa inavuja. Mpwa wangu alikuwa jikoni. Alimsalimia, "Shikamoo baba," akampa kiti, halafu bila kuombwa akaleta kitabu. Alimsomea ukurasa wa mwisho, akiufasiri sentensi kwa sentensi. Wamefika mahali pa kulala njiani. Wenzake wamelala. Baba amekuwa akipapasa redio, na katikati ya mikwaruzo anadhani amesikia neno moja, jina la mji. Hana hakika. Kabla ya kulala anasema ataenda kumbusu mwanawe na kumnong'oneza maneno mawili sikioni: la kwanza Hartford, la pili tumaini.

"Kwa hiyo zote mbili baba anamwinamia mtoto," jirani alisema baada ya muda.

Mpwa wangu alimtazama. Hakuwa ameliona hilo, wala mimi. Kwenye filamu anamwinamia na bastola.

Fundi alirudi kwenye friji, akalegeza skrubu mbili, kisha akauliza huo mji wa Hartford uko umbali gani kutoka pale walipolala, na kama gari lilikuwa na mafuta ya kutosha.